Mazoezi Yawe na Kifungu Chake

Leo nataka tuongee habari ya pesa za halmashauri na afya ya miili yetu, mambo mawili ambayo kwenye vikao vyetu ni nadra kuyasikia yakitajwa pamoja.

Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua jijini Dar es Salaam kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na akaagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wengi wenu mnakumbuka. Wakuu wa mikoa na wa wilaya walivaa raba, wakurugenzi wakavaa raba, watumishi wa umma wakatoka barabarani alfajiri, na miezi ile ya mwanzo kila mkoa ulikuwa na picha za kuonyesha. Agizo lilikuwa jema. Nililiunga mkono siku ile na ninaliunga mkono leo.

Lakini tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza Julai 1. Agizo la Desemba liliikuta halmashauri iko katikati ya mwaka, bajeti imekwisha pita, kila shilingi imeshapangiwa kazi. Mkurugenzi aliyetaka kulitekeleza ilimbidi achomoe pesa mahali, au atafute wadhamini, au awaambie watu waje na maji yao ya kunywa. Kwa mwaka wa kwanza hilo linaeleweka. Ila bajeti nyingi zimepita tangu hapo, na kwenye halmashauri nyingi ukifungua kitabu cha bajeti kutafuta kifungu cha mazoezi ya mwananchi wa kawaida, yule ambaye si mwanafunzi, si mtumishi, wala si mchezaji wa timu yoyote, hukioni. Utakuta michezo imewekwa chungu kimoja na utamaduni na sanaa, na kile kidogo kilichomo kinakwenda UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, pamoja na SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa wenyewe. Sina ugomvi na mashindano hayo. Watoto wetu wengi wameibuliwa huko. Nasema tu kwamba mama muuza mboga wa Tandale, fundi seremala wa Keko na mstaafu wa Ukonga hawamo.

Sasa, kabla hatujadai pesa, tuliweke sawa jambo moja. Sisi si taifa la watu wavivu, na kampeni yoyote inayoanza kwa kutukaripia kwamba tumelala inaanza vibaya. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha takwimu za nchi 168 kuhusu watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha. Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache zaidi wa namna hiyo, na Tanzania ilikuwa jirani yake pale juu, chini ya asilimia 10. Marekani ilikuwa asilimia 40. Kuwait ilizidi 60. Kwa hiyo ukimuuliza mtaalamu wa shirika hilo, atakwambia Mtanzania ni mtu anayejituma kimwili kuliko karibu kila mtu duniani.

Sababu yake unaijua. Tunalima kwa jembe la mkono. Tunateka maji na kuyabeba. Tunatembea kwenda shule, sokoni, msikitini, kanisani, msibani. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kiasi cha kuhema kidogo. Mkulima wa Rungwe au wa Kwimba anazimaliza dakika hizo Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Ukimpelekea huyo fulana na spika ukamwambia aruke, umemkosea adabu.

Lakini mjini mambo yanabadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, zaidi ya asilimia 9 wana kisukari, na asilimia 26 wana uzito uliozidi. Hizo ni namba za zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tangu hapo bodaboda imefika kila kona, viwanja vimejengwa, na watu wengi zaidi wanakaa dukani au ofisini toka asubuhi mpaka jioni. Mtu aliyekuwa akitembea nusu saa kwenda kituo cha daladala sasa anapandia bodaboda mlangoni kwake. Simlaumu. Njia aliyokuwa akipita kwa miguu imeliwa na maduka, na pale ilipobaki, magari yanapaki juu yake.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu wa leo. Pesa ya halmashauri kwa ajili ya mazoezi ianze kwa kulinda mwendo ambao watu wetu tayari wanao, na viwanja ambavyo tayari wanavichezea. Hilo likishafanyika ndipo tuje kwenye mengine. Kwa sasa tunafanya kinyume: kinachosogea kwa urahisi ni pesa ya bonanza, na kinachokufa kimyakimya ni uwanja.

Nikiongelea bonanza, namaanisha ile siku moja. Maturubai yanakodiwa, jukwaa linafungwa, spika zinaletwa, fulana zinachapishwa zikiwa na sura ya mdhamini mgongoni, mgeni rasmi anafika saa tatu wakati jua limeshapanda, watu wanatembea kilomita chache, wanarukaruka nusu saa, hotuba zinasomwa, maji yanagawiwa, basi. Ile fulana itavaliwa nyumbani mpaka itoboke. Mwili wa binadamu hauweki akiba ya Jumamosi moja kwa ajili ya mwezi mzima. Unataka kidogo, leo na kesho na keshokutwa, na hicho kidogo cha kila siku kinafanyika jirani na nyumbani au hakifanyiki.

Kwa hiyo jirani na nyumbani kuna nini? Kuna shule. Shule zetu za serikali, za msingi na za sekondari, ziko chini ya halmashauri. Ardhi ile ni ya umma, na karibu kila kata ina kiwanja cha shule. Nenda Jumamosi saa kumi na moja jioni ukaangalie. Geti limefungwa kwa kufuli. Ndani kuna uwanja mtupu wenye nyasi zilizokauka na magoli mawili ya mabomba. Nje ya ukuta, vijana wanapiga mpira barabarani kwa magoli ya matofali, wakisimama kila gari linapopita, na mtoto mmoja anatumwa kuufuata mpira ulioingia mtaroni.

Mwalimu mkuu ana sababu zake, na ni za kweli. Aliacha geti wazi, bomba likaibwa. Aliacha wazi, vioo vikavunjwa, darasa likageuzwa choo. Yeye ndiye atakayeulizwa, na hakuna aliyempa shilingi ya kuajiri mtu wa kusimamia jioni. Basi hapa ndipo halmashauri inapotakiwa kuingiza mkono mfukoni, na wala si kwa pesa nyingi. Posho ya msimamizi wa uwanja kwa saa za jioni na mwisho wa wiki, kijana wa mtaa huohuo anayefahamika na kamati ya shule. Bomba la maji linalofanya kazi. Choo kinachofunguka kwa nje, tofauti na cha wanafunzi. Taa mbili za sola kwenye kona. Chokaa ya kuchora mistari. Hakuna anayehitaji kununua ardhi, wala kungoja mfadhili, wala kufunga safari ya mafunzo kwenda ng'ambo. Kufungua uwanja wa shule kwa utaratibu ni pesa ndogo kuliko bonanza, na utatumika mwaka mzima.

Viwanja vingine vya wazi hali ni mbaya zaidi. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenyewe. Hiyo ndiyo yenye ramani. Ramani inaonyesha eneo la wazi. Ukifika unakuta gereji, baa, nyumba ya ghorofa, au ukuta mpya wenye tangazo kwamba eneo hili haliuzwi. Kila mwaka tunasikia tamko kwamba waliovamia maeneo ya wazi watabomolewa, na kila mwaka eneo linapungua. Kuweka mipaka ya zege, kuandaa hati kwa jina la halmashauri na kuweka kibao ni kazi ya afisa ardhi yenye gharama inayojulikana. Nayo ni pesa ya mazoezi, hata kama haina neno mazoezi juu yake. Kuna mfano wa heri pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, ambapo mwaka 2015 ilifunguliwa bustani ya michezo ya vijana ya Jakaya Kikwete katikati kabisa ya mji, kwa msaada wa kampuni binafsi. Watoto wa Gerezani na Kariakoo wamepata mahali. Lakini tusingoje kampuni ije mtaa kwa mtaa. Haitakuja Buza, haitakuja Goba.

Halafu kuna watu ambao hawakungoja mtu yeyote, nao ni vikundi vya jogingi. Anayeishi Temeke, Mbagala au Kigamboni anavijua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumapili wanajipanga: mbele yuko mwenye filimbi, pembeni wawili wenye bendera nyekundu za kuzuia magari, katikati mwimbishaji wa mchakamchaka, na nyuma kabisa mtu mzima aliyepewa kazi ya kutomwacha yeyote. Wanakimbia, wanarudi, wanajinyoosha, kisha kikao. Kila mtu anatoa mchango wake. Mweka hazina anaandika daftarini. Mchango ule unanunua maji na dawa ya kuchua, na unaobaki unakwenda kwa mwenzao aliyefiwa au aliyelazwa. Vikundi vinatembeleana, Jumapili hii kwenu, Jumapili ijayo kwetu. Zanzibar nako mila hii imekomaa. Vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba ni vya miaka mingi, na Januari 1 ya kila mwaka hukutana kwa siku ya mazoezi ya kitaifa.

Watu hawa wamefanya kazi ya serikali kwa pesa zao. Halmashauri ikivisajili vikundi hivi, ikavipa afisa michezo wa kuviunganisha, na mtoa huduma wa afya wa kuwapima wanachama presha na sukari mara moja kwa miezi mitatu, gharama yake ni nauli na vipimo. Mbona hatufanyi?

Hata hivyo, ukiviangalia vikundi hivi kwa makini utaona nani hayupo. Kina mama wenye watoto wadogo ni wachache, maana saa kumi na moja na nusu alfajiri ndiyo saa ya kuwasha moto, kuandaa wanafunzi na kuwahi sokoni. Wazee ni wachache, kwa sababu mwendo ni wa vijana. Watu wenye ulemavu karibu hawapo. Binti hawezi kutoka peke yake gizani kulifuata kundi lilipo. Hapo kujitolea kunafika mwisho wake, na pesa ya umma inakuwa ya lazima. Mama huyo anaweza kuja saa kumi jioni kwenye uwanja wa shule ulio jirani, akiwa na mtoto, kukiwa na mwanga na mwalimu wa kike anayejua kazi yake. Walimu wa michezo wapo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinawafundisha, na wengine wanahitimu wakarudi mitaani kutafuta kazi yoyote itakayotokea. Halmashauri ikiwachukua wachache kwa mkataba wa saa, kata kwa kata, mara tatu kwa wiki, itakuwa imeajiri vijana na kuwafikia kina mama kwa mpigo mmoja.

Bogotá, mji mkuu wa Colombia, wameshafanya hili la kuwalipa walimu, na la barabara pia. Tangu 1974 wanafunga barabara kuu siku za Jumapili na sikukuu, toka asubuhi mpaka mchana, zaidi ya kilomita 100 za lami zikiachiwa watu wa miguu na wa baiskeli, na tangu 1995 taasisi ya michezo ya jiji inawalipa walimu wa mazoezi kwenye bustani, na mwananchi halipi kitu. Hilo la barabara lilipigiwa hesabu na watafiti mwaka 2012: gharama ilikuwa kama dola 6 za Marekani kwa mtumiaji kwa mwaka, na kila dola moja iliyotumika iliokoa dola 3 hadi 4 za matibabu. Jirani zetu wa Kigali nao walianza mwaka 2016 kufunga barabara Jumapili asubuhi, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili, na pale barabarani watu wanapimwa presha na sukari bure. Nimeutaja mfano wa Kigali kwa makusudi. Ni siku, ndiyo, lakini ni siku yenye ratiba ambayo jiji lenyewe linaisimamia, haingoji mgeni rasmi apatikane.

Sasa nije kwenye barabara, maana hapa kuna mtego wa kiutawala ambao wananchi wengi hawaujui. Unakwenda kwa diwani kuomba njia ya waenda kwa miguu kati ya shule na soko. Anakwambia barabara si za halmashauri tena, ni za TARURA. Anasema kweli. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala huo, ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Lakini asiishie hapo na wewe usiishie hapo. Vipaumbele vya TARURA hupitia kwa madiwani, na diwani ana haki ya kuuliza barabara ya kata yake imechorwa na njia ya miguu au haikuchorwa. Njia ya miguu ni rahisi ikiwekwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Ukija kuiongeza baadaye, mtaro umeshajengwa, nguzo za umeme zimeshasimama, na maduka yameshasogea mpaka kwenye lami.

Dar es Salaam tumeshaona jinsi njia nzuri inavyobadilisha watu. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, barabara ile ilikuwa imejengwa ikiwa na njia pana za miguu na za baiskeli kando yake, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Pita pale Magomeni au Manzese jioni utaona watu wanatembea kwa raha zao, wengine kwa mazoezi kabisa. Halafu kata kushoto uingie mtaani, uone njia inavyokwisha ghafla na mama mwenye mtoto mgongoni anavyobanana na bajaji.

Nairobi walithubutu kuandika namba. Sera ya kaunti yao ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ilisema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Utekelezaji ni vita nyingine, na wenzetu wa Nairobi wanaweza kuwasimulia wenyewe. Lakini mwananchi wa Nairobi ana karatasi mkononi ya kumuuliza gavana wake: ziko wapi zile asilimia 20? Na Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka bustani, fukwe na viwanja vya michezo vya kaunti kuwa wajibu wa kaunti kwa maandishi. Sisi wa huku bado tunauliza kwa hisani.

Najua kuna anayenisikiliza sasa hivi na kusema: wewe bwana, shule yetu haina madawati ya kutosha, zahanati haina dawa, na unatuletea habari za mazoezi? Swali hilo ni halali na nalijibu kwa heshima. Zahanati ile, kituo cha afya na hospitali ya wilaya vyote viko chini ya halmashauri hiyohiyo. Mgonjwa wa presha anayekuja kliniki kila mwezi ni wa halmashauri. Mguu wenye kidonda cha kisukari unaosafishwa kila siku unatumia pamba na muda wa muuguzi wa halmashauri. Figo zikishindwa, mgonjwa anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa kawaida kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando, KCMC au Benjamin Mkapa, na mimi na wewe tunajua familia zilizouza kiwanja, kisha ng'ombe, kisha nyumba, kwa ajili ya huduma hiyo. Mazoezi hayazuii kila kisukari wala kila presha, na asije mtu akaacha dawa kwa sababu amekimbia. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo inaweza kupunguzwa kwa mwili unaotembea. Halmashauri isiyotenga pesa ya mazoezi bado inalipa, ila inalipa wodini.

Kuhusu pesa itoke wapi, tuna somo letu wenyewe. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo mikopo ile ilikuwepo, lakini ilitegemea hali ya hewa ya mkurugenzi. Baada ya namba kuandikwa kwenye sheria, mbunge anauliza, mkaguzi anauliza, kikundi cha kina mama kinauliza. Utaratibu ulipoonekana una matundu, ukasitishwa mwaka 2023 na kupangwa upya, kisha mikopo ikarudi mwaka uliofuata. Haukufa, kwa sababu ulikuwa na namba.

Mimi siombi asilimia 10 kwa mazoezi. Siombi hata 2. Naomba kila halmashauri iwe na kifungu kimoja kinachosomeka: mazoezi ya jamii, kata kwa kata, kiasi hiki, kazi hizi. Nusu asilimia ya mapato ya ndani ya jiji la Dar es Salaam au manispaa ya Kinondoni ingefungua mageti mengi ya shule. Halmashauri ndogo ya pembezoni ianze na viwanja viwili. Na kifungu hicho kisiruhusiwe kulipia maturubai, fulana wala posho za wageni. Anayetaka bonanza atafute mdhamini, na namtakia kila la heri.

Ndugu msikilizaji, bajeti ya mwaka mpya haiandikwi Juni. Maombi yanaanzia mtaani na kijijini, yanapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, na madiwani wanaipitisha miezi kadhaa kabla ya Julai. Ukisubiri Julai ufike, utaambiwa tuliza moyo mpaka mwakani. Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Kama una kikundi cha jogingi, nendeni wote na daftari lenu la michango, mwonyesheni mwenyekiti mnachotumia. Ombeni mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: uwanja wa shule ya kata ufunguliwe jioni kwa utaratibu na msimamizi anayelipwa, na eneo la wazi la mtaa wenu liwekewe mipaka. Chukueni nakala ya muhtasari. Mkikutana na diwani, mwulizeni amefika nao wapi, na mkutano ujao mwulizeni tena.